Kuua kwa Mchezo Mashambani

Katika nyanda za Alberta na Saskatchewan, nchini Kanada, hukaa kindi asiyepanda miti. Makao yake ni mashimo. Hula nafaka changa na majani ya mifugo, na vifusi vya udongo wake huharibu mashine za kukatia majani. Mkulima akimwondosha hatumlaumu, hata panya, Mtume (s.a.w.) aliruhusu auawe.

Tunalolisema sisi ni jingine. Wako watu watokao mijini na bunduki zao, wakakaa ukingoni mwa shamba kutwa, wakipiga mmoja baada ya mmoja na kuhesabu. Nyama hawaili, ngozi hawaichukui. Waitakacho ni shabaha. Na Mtume amekataza kukifanya chenye roho kuwa shabaha.

Tena mwezi wa Aprili na Mei ndio majike wananyonyesha. Watoto, aghalabu 6 au zaidi, wamo shimoni, hawatoki mpaka watimize kiasi cha mwezi mmoja. Mama akiuawa nje, wao hufa njaa ndani, wala hapana aonaye.

Mizoga huachwa papo hapo. Mwewe na tai huila pamoja na vipande vya risasi, navyo ni sumu. Ajabu ni kuwa mwewe ndiye msaidizi wa mkulima, amlaye kindi pasipo ujira. Huko Alberta kwenyewe yamesimamishwa majukwaa juu ya nguzo, ili mwewe hao wapate pa kujenga viota.