Kazi Iishe Kabla ya Saa Sita Usiku

Tarehe 4 Januari 1966, jijini New York, msanii wa Kijapani On Kawara alipaka turubai rangi moja, kisha akaandika juu yake kwa herufi nyeupe tarehe ya siku ile. Basi, picha ikawa imekwisha. Aliendelea hivyo kwa miongo kadhaa, na alipofariki mwaka 2014 aliacha picha za tarehe karibu 3,000, alizozichorea katika miji zaidi ya 100.

Kawara aliongozwa na masharti aliyojiwekea. Picha ilianza na kumalizika siku ile ile. Saa sita usiku ikifika kazi haijakamilika, iliharibiwa. Rangi zilikuwa nyekundu, buluu au kijivu. Vipimo vya turubai vilikuwa vinane tu, na herufi zote alizichora kwa mkono. Hakulazimika kuchora kila siku, ila akishaanza, hapakuwa na kiporo.

Wengi hukwama kwa kukosa masharti kama hayo. Mtu hununua daftari jipya, akaapa kuchora kila siku, na wiki ya pili ikamkuta ameukodolea macho ukurasa mtupu: achore nini, kwa ukubwa gani, kwa rangi zipi? Maswali humchosha kabla mkono haujagusa karatasi. Kawara alikwisha kuyajibu mengi kati ya hayo mapema, zikabaki brashi na saa.

Masharti yanaweza kuwa mepesi zaidi. Jamie Livingston, Mmarekani, alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Bard alipoanza kupiga picha kwa kamera ya Polaroid tarehe 31 Machi 1979. Moja kwa siku, si mbili. Alipiga marafiki, vyakula, mitaa, na mwishowe vitanda vya hospitali, hadi 25 Oktoba 1997, siku aliyofariki kwa uvimbe wa ubongo. Ndiyo siku aliyotimiza miaka 41. Ziko picha zaidi ya 6,000.

Katsushika Hokusai wa Japani, naye akiwa na umri uliopita miaka 80, alikuwa akichora simba wa hadithi kila asubuhi ili kufukuza mikosi. Michoro zaidi ya 200 ya mwaka 1842 na 1843 ipo hadi leo.

Msanii Mmarekani Mike Winkelmann, maarufu kama Beeple, alitaka kujifunza kuchora. Alianza kwa kuchora kwa mkono tarehe 1 Mei 2007, baadaye akahamia kwenye programu za kompyuta, na kila siku akaitoa picha hadharani, nzuri au mbaya. Machi 2021, kolagi ya picha zake 5,000 za mwanzo iliuzwa kwenye mnada wa Christie's kwa zaidi ya dola milioni 69. Bei hiyo ilipandishwa na homa ya soko la sanaa ya kidijitali ya wakati ule. Ustadi ulitoka kwingine: miaka zaidi ya 13 ya kumaliza kazi kila jioni, hata pale alipokuwa hana wazo la maana.

Anayetaka kuanza hahitaji vifaa vya gharama. Daftari la shule na kalamu moja ya wino vinatosha, mradi ukubwa wa mchoro, mada na saa ya kazi viamuliwe mapema. Baada ya chai ya jioni, kwa mfano, kwa kuwa chai ina saa yake tayari.

Na siku ikiruka? Tehching Hsieh, msanii mzaliwa wa Taiwan, alijipa kazi ya kugonga kadi ya mahudhurio kila baada ya saa moja, usiku na mchana, kuanzia Aprili 1980 hadi Aprili 1981. Kati ya mara 8,760 alikosa 133. Hakuzificha. Aliziorodhesha pamoja na sababu zake: mara 94 alipitiwa na usingizi, 29 alichelewa, 10 aliwahi mno. Orodha hiyo ni sehemu ya kazi yenyewe, sawa na kadi alizozigonga.