Je, Wajua? Ganda la Risasi Husomwa Kitakoni

Mvua kubwa ikipita chini ya kilima cha Salaita, karibu na Taveta, vipande vya shaba huibuka udongoni. Wachungaji huviokota na kuviita risasi. Si risasi. Risasi ilikwenda zake mwaka 1916. Kilichobaki ni ganda, na ganda halionyeshi alipoangukia mtu bali alipokaa aliyefyatua. Bunduki za wakati ule ziliyatupa maganda upande wa kulia, hatua chache tu. Ukiyakuta yamefuatana kwa mstari, jua hapo watu walilala kifudifudi wakipigana.

Tarehe 12 Februari 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Afrika Kusini wa upande wa Waingereza walikishambulia kilima hicho wakarudishwa nyuma na jeshi la Wajerumani. Ganda nililoliinua mimi lilikuwa limejaa kutu ya kijani. Nililipaka unga wa mahindi kitakoni, nikaligeuza jua lilipige kwa upande, herufi zikajitokeza: K, kisha VII. K ni kiwanda cha Kynoch, Birmingham; VII ni muundo wa saba wa risasi ya Kiingereza, ulioanza 1910. Ukingo wa kitako ulikuwa umechomoza nje, na urefu ni milimita 56. Ganda la Mauser, bunduki ya Kijerumani, lina milimita 57, ukingo wake hauzidi mwili, na limezungushiwa mfuo. Kitakoni lina alama pande nne: herufi ya kiwanda, mwezi, mwaka, na mara nyingi S67, yaani asilimia 67 ni shaba nyekundu.

Ukikuta ganda nene, lenye mdomo wa milimita 11, hilo ni la Mauser ya 1871, waliyobeba askari wengi Waafrika wa jeshi la Wajerumani. Baruti yake ilitoa moshi mzito uliowafichua kwa adui. Kwangu mimi, hilo ndilo linalostahili heshima kuliko yote.

Kinachonivutia zaidi ni kazi ya shaba yenyewe. Pini ya bunduki inapoigonga fataki iliyo katikati ya kitako, baruti huwaka na gesi husukuma kila upande. Ganda hutanuka likabana kuta za chemba, gesi isipate upenyo wa kumrudia mpigaji usoni. Risasi ikishatoka, shaba hunywea kidogo, na mpigaji akivuta bolti, ukucha wake hulitoa nje. Kutanuka na kunywea huko hakuchukui hata muda wa kufumba na kufumbua. Lakini katika kubanwa huko shaba laini hunakili mikwaruzo ya chuma: kibonyeo cha pini, alama ya ukucha ukingoni. Maganda mawili yenye mikwaruzo ileile yametoka bunduki moja. Ndiyo maana ganda jipya linalong'aa kando ya mzoga wa tembo ni ushahidi. Liache hapo hapo, uwaite askari wa wanyamapori.

Tahadhari moja: ganda la Kiingereza halithibitishi kwamba aliyefyatua alikuwa upande wa Waingereza. Baada ya vita vya Tanga, Novemba 1914, Wajerumani waliteka mamia ya bunduki za adui na risasi zake. Kwa hiyo mahali ganda lilipolala pana uzito zaidi kuliko maandishi yake, na hapo ndipo tunapojiangamizia historia. Wanunuzi wa vyuma chakavu huyapima kwa kilo, wengine huyasugua kwa mchanga na limao mpaka herufi zinafutika, na hakuna anayeandika yalitoka wapi. Babu zetu walipigana pale, wakabeba mizigo pale, na wengi wao hawana hata kaburi lenye jina.

 

Ukiliona ganda, lipige picha kitako na ubavu, andika mahali, lirudishe, upeleke habari makumbusho. Na kama mdomoni bado mna risasi, au fataki haina kibonyeo cha pini, usiliguse kabisa: baruti ya miaka mia bado huweza kuwaka. Weka alama kwa mbali, waite polisi.