Ramani ya Shamba Lako Hushonwa Kama Makuti

Mkulima, ikiwa shamba lako liko Kisauni, Matuga au Kaloleni, yafaa ujue jinsi ramani yake itengenezwavyo siku hizi, kwani huenda Bwana Shamba akaja nayo mkononi, ikawa ndiyo itakayoamua jambo linalokuhusu.

Picha hupigwa na setilaiti. Zile za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, huigawa ardhi katika miraba ya meta 10 kwa 10. Ekari moja ni miraba kama 40. Kaunti ya Kilifi, yenye kilomita za mraba zipatazo 12,600, ni miraba milioni 126. Ili kujua wapi pana majani mabichi na wapi yamekauka, kompyuta hutazama katika kila mraba nuru nyekundu, ambayo jani zima huimeza, na ile nuru jirani isiyoonekana kwa macho, ambayo jani hilo huirudisha. Hutoa moja katika nyingine, kisha hugawanya kwa jumla ya zote mbili. Hesabu yenyewe ni ya mtoto wa shule. Uzito ni kuirudia mara milioni 126.

Hapo ndipo prosesa ya michoro inapofaa. Chombo hiki kilikusudiwa kuchora picha za michezo ya kompyuta, ile ile inayowakesha vijana wetu hapa Bondeni. Prosesa ya kawaida ni mafundi wachache hodari. Hii ni vibarua maelfu wenye ujuzi mdogo. Mwaka 2007 kampuni ya NVIDIA ilitoa CUDA, na wataalamu wakapata njia rahisi ya kuwapa vibarua hao hesabu nyingine. Programu ya ramani ya QGIS, ambayo hailipiwi, tangu toleo la 3.4 la mwaka 2018 yaweza kuwatumia kupima mteremko wa ardhi, jambo linalomhusu kila achimbaye matuta.

Lakini si kila kazi huharakishwa sawasawa. Fikiri juu ya makuti. Wanawake mia wakiketi kushona, kila mmoja na kuti lake, hakuna amngojeaye mwenzake. Kuezeka ni kazi nyingine: huanzia upenuni, safu juu ya safu, na mia wakipanda watasukumana tu. Mteremko na ubichi wa majani ni kushona. Njia ya maji ya mvua ni kuezeka, kwani huwezi kujua maji yapitayo shambani mwako kabla ya kuhesabu yatokayo juu.

Tena makuti huletwa kwa mkokoteni. Ukiwa mmoja, na kichochoro ni chembamba kama vya Bondeni, washonaji watakaa bure. Afisi inayonunua prosesa ya bei ghali huku ikisoma picha kutoka diski kuukuu imetupa fedha, kwa maoni yangu.

Wala haraka haioni chini ya mnazi. Mihogo uliyopanda kivulini haimo pichani, na mawingu ya masika huficha shamba zima. Basi ramani ikiletwa, uliza picha ilipigwa tarehe gani. Mtembeze Bwana Shamba mpakani, umwonyeshe mihogo hiyo, naye aiandike. Ikiwa siku ile palikuwa na wingu, mwombe atumie picha ya tarehe nyingine: setilaiti hizo hupita juu yetu kwa kawaida kila siku 5, na picha zake hazilipiwi.