Wimbo Uliorekodiwa Studioni: Je, Bado ni Fasihi Simulizi?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, kuna swali ambalo huzuka darasani kila tunapofikia mada ya nyimbo. Je, wimbo ukisharekodiwa studioni na kuuzwa, tungali twaweza kuuita fasihi simulizi? Aghalabu wanafunzi hujibu upesi kwamba haiwezekani, kwa kuwa fanani na hadhira hawaonani ana kwa ana. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya jibu, na mtahiniwa anayeishia hapo hujinyima alama.

Swali hili lina uzito wa pekee kwa shule za Lodwar na Kakuma. Vitabu vingi vya kiada hutoa mifano ya nyimbo kutoka pwani na sehemu za kilimo: kimai za mabaharia, wawe za wakulima, tumbuizo za harusini. Mwanafunzi aliyelelewa kando ya mto Turkwel, au aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka wa 1992, huikariri mifano hiyo kama mambo ya watu wengine. Akitakiwa kutoa mfano kutoka jamii yake, kalamu husimama. Nyimbo anazo tele. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha kwamba nyimbo hizo zinastahili kuandikwa katika karatasi ya majibu.

Hebu tuanze na albamu moja, kisha turejee Turkana.

Albamu ya Ayub Ogada

Ayub Ogada, ambaye pia alijulikana kama Job Seda, alizaliwa Mombasa mwaka wa 1956 na kufariki mwaka wa 2019. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa bendi ya African Heritage. Katika miaka ya 1980 alikwenda Uingereza na nyatiti yake, akawa anawaimbia wapita njia mjini London. Mwaka wa 1993 albamu yake ya En Mana Kuoyo ilitolewa na kampuni ya Real World, iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel.

Nyatiti ni ala ya Waluo yenye nyuzi nane. Kwa desturi, mpigaji huketi chini, akavaa njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, ambayo huigonga kwenye ala ili kushika mdundo. Kwa hivyo, mtu mmoja huwa mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa wakati mmoja. Hapa una mfano mwema wa matumizi ya ala katika uwasilishaji wa nyimbo.

Wimbo unaojulikana zaidi katika albamu hiyo ni "Kothbiro". Maana ya anwani hiyo kwa Kiswahili ni kwamba mvua inakuja. Nafsineni anawaita walio mbali, anawatahadharisha kuhusu mvua, na kuwataka wawarejeshe ng'ombe nyumbani. Ujumbe ni mfupi, nayo takriri inaubeba, kama mtu anayeita bondeni asiye na hakika kwamba amesikika.

Wimbo mmoja, miktadha mingi

Zingatia sasa safari ya wimbo huu. Katika miaka ya 1970 ulipigwa na kikundi cha Black Savage, vijana wa Kenya waliochanganya roki na sauti za nyumbani. Mwaka wa 1993 Ogada aliurekodi kwa nyatiti. Mwaka wa 2005 ulitumiwa katika sinema ya The Constant Gardener, ambayo baadhi ya sehemu zake zilipigwa Loiyangalani, ng'ambo ya mashariki ya Ziwa Turkana. Sinema hiyo yahusu mjane wa kiume anayetafuta ukweli kuhusu kifo cha mkewe. Mwaka wa 2018 toleo la Black Savage lilitiwa ndani ya wimbo wa Kanye West uitwao "Yikes".

Je, ni wimbo uleule? Maneno ya msingi ni yaleyale, ila uamilifu umebadilika. Kwa mchungaji, ni wito wa kazi. Kwa mtazamaji wa sinema asiyejua Kiluo, ni sauti ya huzuni inayokaribia mbolezi. Kwa kijana wa 2018, ni mdundo tu. Tunajifunza kwamba uainishaji wa nyimbo hautegemei maneno peke yake. Muktadha, hadhira na tukio ndivyo vinavyoamua kama wimbo ni hodiya, mbolezi au burudani. Huu ndio msingi wa fasihi simulizi, na hapa wajitokeza hata katika wimbo uliopitia studio.

Wimbo huu masikioni mwa Turkana

Sasa uchezee wimbo huu darasani Lodwar. Karibu kila mwanafunzi ataelewa habari ya mifugo na mvua bila kutafsiriwa. Lakini hatauelewa kama aishiye kando ya Ziwa Victoria. Waturkana wana akamu, kipindi cha kiangazi, na akiporo, kipindi cha mvua kinachosubiriwa kwa hamu. Kwao, habari ya mvua ni habari njema kwanza. Wakati huohuo, mwanafunzi wa Kakuma anajua kwamba laga ya Tarach huweza kufurika ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali, huku mbingu iliyo juu yake ni nyeupe. Kwake, wito wa kuwaondoa mifugo ni wito wa kuokoa maisha.

Usimkosoe mmoja kwa kumpendelea mwingine. Fasiri zote mbili zakubalika mradi mwanafunzi aonyeshe sehemu ya wimbo inayomuunga mkono.

Kisha uliza: kwenu mnaimba nini kuhusu mifugo? Hapo ndipo kalamu itakapotembea. Waturkana wana desturi ya mwanamume kumwimbia fahali wake ampendaye, akisifu rangi yake na pembe zake, na hata kujulikana kwa jina linalotokana naye. Wadinka wa Sudan Kusini, ambao wengi wao wameishi Kakuma, wana desturi inayofanana na hiyo. Ndugu hawa wawili wa dawati moja wanaweza kuandika jibu zima kuhusu sifo bila kuazima mfano wa pwani hata mmoja.

Namna ya kujibu

Tuseme umeulizwa: "Wimbo uliorekodiwa si fasihi simulizi. Jadili." Neno jadili lakutaka uonyeshe pande zote mbili.

Upande wa kuunga mkono: hadhira haishiriki papo hapo kwa kuitikia au kupiga makofi, fanani hawezi kuubadilisha wimbo kulingana na hadhira, ishara za uso na mwili hupotea, utunzi huwa na mwenyewe anayejulikana na haki zake kisheria.

Upande wa kupinga: wimbo bado hupokelewa kwa sikio; hutumia takriri, mdundo na ala; huzaa matoleo mapya, kama "Kothbiro" ilivyofanya; na hurudi mdomoni mwa watu, wakauimba upya kwa namna yao. Kurekodi pia ni njia ya kuhifadhi, ijapokuwa hugandisha toleo moja.

Hitimisho lako litamke msimamo. Mimi naona kwamba rekodi ni ushahidi wa utendaji mmoja, kama picha ilivyo ushahidi wa harusi: si harusi yenyewe, lakini bila harusi isingekuwapo.

Tahadhari moja. Usifasiri wimbo kwa kutazama anwani tu. En Mana Kuoyo maana yake ni kwamba huo ni mchanga tu. Mwanafunzi wa Lodwar, aliyezungukwa na mchanga, atashawishika kuandika ukurasa mzima kuhusu jangwa kabla ya kusikia hata sauti moja. Sikiliza kwanza, pata tafsiri kwa mjuzi wa lugha, ndipo uhakiki.

Zoezi

1. Mhoji mzee mmoja wa kwenu kuhusu wimbo wa mifugo. Eleza nani huuimba, lini na kwa nani. (alama 8)
2. Rekodi wimbo huo kwa simu, kisha ueleze mambo manne yaliyopotea katika rekodi. (alama 4)
3. Linganisha uamilifu wake na ule wa "Kothbiro". (alama 8)

Mtahiniwa, ukishafanya zoezi hili hutakosa mfano chumbani mwa mtihani. Utakuwa nao wa kwenu, na hakuna mtahini atakayeujua kukuzidi.