Runinga ya Darasani na King'amuzi Chake

Wanafunzi wetu wanahitaji kusikia Kiswahili kikisemwa, na runinga hutusaidia. Lakini tangu Uganda ilipoanza kuzima mitambo ya analojia mwaka 2015, runinga ya zamani haipati stesheni kwa antena bila king'amuzi.

Fedha zetu ni chache, hivyo tusome maelezo kabla ya kununua. Ikiandikwa DVB-T2, king'amuzi cha stesheni zisizolipiwa kimo ndani. DVB-T pekee haitoshi. Picha ikikwama, tusikimbilie kwa fundi: tukaze waya wa antena, tuielekeze vizuri, kisha tutafute stesheni upya kwa rimoti.

Neno lenyewe ni somo. King'amuzi latokana na kitenzi ng'amua, yaani tambua. Chombo king'amue mawimbi, mwanafunzi ang'amue maneno.