Mtoto akipatwa na mkasa, sauti ya kwanza isiwe ya lawama

Septemba 2018, binti wa miaka 17 aliruka peke yake kwa mara ya kwanza katika ndege ndogo ya mafunzo aina ya Piper Warrior. Ilikuwa katika uwanja wa Beverly, jimbo la Massachusetts, Marekani, na wazazi wake walikuwepo kushuhudia. Kila mwanafunzi wa urubani huisubiri siku hiyo: mwalimu anashuka, kiti cha pembeni kinabaki kitupu.

Ndege ilipokuwa ikipaa, gurudumu la kulia likang'oka. Ndege hiyo ina magurudumu matatu tu, moja mbele na mawili chini ya mabawa. Binti huyo alipata habari kwa redio akiwa tayari angani.

Angani gurudumu halina kazi. Shida ni kutua. Rubani anayekosa gurudumu la upande mmoja hulazimika kutangulia kukanyaga kwa lile zima, huku akiliinua bawa la upande mbovu kwa muda mrefu iwezekanavyo, hadi mwendo upungue. Akitetemeka au akiharakisha, bawa linaweza kugonga chini mapema.

Rubani mwingine mwenye uzoefu, aliyekuwa akiruka karibu na hapo, akaingia kwenye redio. Alimtajia jina lake, akamwambia kwamba naye ana binti, tena mwenye jina kama lake, na kwamba mambo yataisha salama. Kisha wakaenda hatua kwa hatua. Ndege ilitua, ikaserereka hadi nje ya njia yake, na binti akatoka bila kuumia.

Swali la kwa nini gurudumu liling'oka lilingoja mpaka akanyage ardhi.

Hapo ndipo penye somo kwa mzazi, hata yule ambaye mtoto wake hajawahi kupanda ndege. Marubani wote hufundishwa mpangilio mmoja wa dharura: kwanza endesha ndege, pili jua unakoelekea, tatu ndipo uzungumze. Nyumbani wengi wetu huugeuza. Kijana anapiga simu usiku kwamba ameanguka na pikipiki, na swali la kwanza linakuwa, "Nani alikuruhusu kuichukua?" Wakati huo bado yuko barabarani, pengine anavuja damu.

Maswali yanayofaa ni mafupi: Umeumia? Uko wapi? Uko na nani? Mengine yatasubiri.

Kusubiri si kudekeza. Katika usafiri wa anga kila ajali huchunguzwa, lakini Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaofuatwa na nchi zetu pia, kinasema lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa. Sababu yake inaeleweka. Mtu anayeogopa kuadhibiwa huficha, na kilichofichwa hakirekebishwi.

Mtoto naye ni hivyohivyo. Anayekaripiwa kila anapoeleza kosa hujifunza kutoeleza. Safari ijayo atampigia rafiki yake, ambaye hana uzoefu wala nauli ya kumfuata.

Kwa hiyo mpe muda. Ale, aoge, alale. Kesho yake kaeni mzungumze: nini kilitokea, alikuwa na uamuzi gani mwingine, nini kibadilike. Kama kuna gharama ya kulipa, achangie kwa uwezo wake. Kama kuna ruhusa ya kusimamisha, isimamishwe kwa muda unaojulikana. Atakubali adhabu hiyo kwa urahisi zaidi akijua kwamba ulishahakikisha kwanza kuwa yu mzima.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Lakini mtoto aliyeyamwaga bado yupo, na anasikiliza utamwambia nini.