Mbuzi Amekufa Kibondeni: Nani Aliyemwua?

Kati ya maswali yaulizwayo na watu wa pande za Goma na Sake, kando ya ziwa Kivu, hili latutia hamu ya kulijibu kwa urefu. Mbuzi amefungwa jioni katika kibonde chenye majani mazuri. Asubuhi akutwa amekufa, hana jeraha, hana alama ya meno ya nyoka, na jana hakuwa mgonjwa. Karibu yake wamelala panya na ndege wadogo, nao wamekufa. Mwenye mbuzi ashuka hatua mbili tatu kumtazama, kisha arudi mzima, labda kichwa chamuuma kidogo tu. Nani aliyeua?

Wenyeji hupaita mahali pa namna hii mazuku, na wataalamu wa volkano wa nchi nyingine wamelichukua neno hilo kama lilivyo, wakalitia katika vitabu vyao. Ni mara chache watu wa kwetu kuipa elimu ya dunia neno lake. Twalifurahia, ijapokuwa jambo lenyewe si la furaha.

Muuaji ni hewa ukaa, ile ile tuitoayo puani, ile ile ifanyayo mapovu katika chupa ya limonadi. Katika hewa ya kawaida imo kidogo mno, haifiki hata sehemu 5 katika 10,000. Lakini chini ya milima ya Nyiragongo na Nyamulagira, mawe yaliyoyeyuka kwa moto huitoa kwa wingi, nayo hupanda katika nyufa hata kutokea juu ya nchi.

Sasa angalieni sana. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa tuivutayo, yapata mara moja na nusu. Kitu kizito hutafuta chini. Basi hutiririka kama maji yasiyoonekana, hukijaza kibonde, ikatulia humo. Mbuzi kichwa chake ki ndani ya maji hayo; mtu mzima kichwa chake ki juu yake. Na mtoto je? Kichwa cha mtoto hakipiti sana kichwa cha mbuzi. Hata mtu mzima, ainamapo kuokota kuni au kufungua kamba, amejizamisha mwenyewe, wala pua haimwonyi, kwa kuwa hewa hiyo haina rangi wala harufu. Ikizidi sehemu 10 katika 100, mtu hupoteza fahamu upesi. Ikizidi sana, pumzi chache tu zatosha.

Mbona basi mchana huenda tukapita pale pale salama? Kwa sababu jua huipasha nchi moto, upepo huvuma, nayo hewa mbaya huchanganyika na njema na kutawanyika. Usiku upepo hutulia, na kibonde hujaa. Alfajiri kingali kimejaa, nayo ndiyo saa tunayowatuma watoto kuteka maji.

Kuna neno moja zaidi, nalo twalisema wazi. Mtu akianguka humo, ndugu yake humkimbilia ili amwinue, naye huanguka juu yake. Pengine na wa tatu. Vifo vya namna hiyo hutokea pia katika visima virefu vyenye hewa mbaya. Asiyeshuka si mwoga. Asimame juu, apige kelele watu waje, atupe kamba au atumie mti mrefu wenye kulabu. Wengine hushusha taa kwanza, nayo ikizimika hurudi nyuma. Vema, lakini taa inayowaka bado si ruhusa ya kushuka, maana yaweza kuwaka mahali ambapo kichwa cha mtu kimekwisha anza kuzunguka.

Wako waulizao tena: Je, ziwa lenyewe halina hewa hiyo? Linayo, tena nyingi ajabu, pamoja na gesi nyingine iwakayo moto, iitwayo metani. Kivu lina kina cha meta 485 hivi, na uzito wa maji ya juu huzikandamiza gesi hizo kilindini, kama kizibo kifungavyo chupa. Katika nchi ya Kameruni, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ziwa dogo la Nyos lilifumuka mfano wa chupa iliyotikiswa. Hewa ukaa ikashuka mabondeni, ikaua watu zaidi ya 1,700 na ng'ombe wao. Tangu mwaka 2001 mabomba yamekuwa yakiitoa gesi ya Nyos kidogo kidogo.

Kivu halikufanya hivyo, hata moto wa Nyiragongo ulipoingia majini mwezi wa Januari 2002, kwa maana haukuyachafua maji ya kilindini. Wataalamu hulipima daima. Upande wa Rwanda, tangu mwaka 2016, kiwanda kinachoelea ziwani huvuta maji kutoka zaidi ya meta 300 chini. Maji yakipanda, gesi hujitoa yenyewe kama limonadi ifunguliwapo, metani hutengwa, hupelekwa pwani kwa bomba, na huko huchomwa kufanya umeme.